Majibu Mawili kwa Kipande Kimoja cha Nyama

Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliuhamisha mpaka wa Uganda. Nchi iliyokuwa ikiitwa Jimbo la Mashariki, kuanzia pande za Naivasha hadi Kisumu, ilitolewa katika utawala wa Entebbe na kutiwa katika himaya ambayo baadaye ilipewa jina la Kenya. Mwaka 1926 mstari huo ukaandikwa kwa maneno ya sheria, ukafuata mto Sio na mto Malaba. Wasamia na Wateso walioishi katika nchi hii hawakuhama. Nyumba zao zilibaki pale pale, na ng'ombe wao waliendelea kunywa maji katika mito ile ile. Kilichobadilika ni jina la upande waliohesabiwa kuwa wamo, na kwa jina hilo zikabadilika kodi, mahakama na sare ya askari aliyewasimamisha njiani.

Wapiganaji na polisi wanaofanya kazi Busia, Malaba na Tororo hawahitaji kufundishwa habari hii. Wanajua kwamba mpaka ni kitu cha kweli, maana mtu hukamatwa kwa kuuvuka bila kibali. Na wanajua vile vile kwamba mpaka ulichorwa na watu, na kwamba mahali pengine mgeni hawezi kuutambua mpaka aoneshwe kwa kidole. Tumeanza kwa habari hiyo kwa sababu leo tunataka kuzungumzia mpaka mwingine, mwembamba kuliko uzi, ambao nao ulichorwa na watu na ambao askari wetu wengi hawajapata kuambiwa habari zake. Huo ni mpaka unaotenganisha uvimbe wa titi usio na hatari na saratani iliyo changa.

Watu wengi hudhani kwamba mama akikatwa kipande kidogo cha nyama katika titi lake, na kipande hicho kikapelekwa maabara, mashine ndiyo itakayotoa jibu, kama mizani ya sokoni inavyotoa kilo. Sivyo. Kipande hicho hutiwa katika dawa iitwayo fomalini kisioze, kisha hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba mno, hubandikwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Baada ya hapo mtu, yaani daktari wa patholojia, hukitazama kioo hicho kwa hadubini na kuamua anachokiona. Jibu ni hukumu ya jicho lililofunzwa.

Katika titi mna mirija ya kupitishia maziwa. Wakati mwingine chembe zilizotanda ndani ya mrija huongezeka kuliko kawaida, lakini kila moja ikabaki na sura yake njema. Hiyo si saratani. Wakati mwingine chembe huongezeka na kuanza kubadilika sura, zikawa kama askari walioanza kuvunja safu lakini hawajaasi. Hali hiyo nayo si saratani, ila ni dalili ya kuangaliwa: uchunguzi wa Dupont na Page uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulionyesha kwamba mwanamke mwenye hali hiyo ana hatari ya kupata saratani ya titi baadaye ipatayo mara nne hadi tano ya mwanamke asiyekuwa nayo. Hatua inayofuata ni saratani iliyojaa ndani ya mrija bila kutoboa ukuta wake. Ya mwisho ni saratani iliyokwisha kutoboa ukuta na kuingia katika nyama ya jirani, na kutoka hapo yaweza kusafiri hadi kwapani, mapafuni, katika ini na katika mifupa.

Ugumu umo katikati ya hali ya pili na ya tatu. Hakuna ukuta unaozitenganisha, na chembe za hali moja zaweza kufanana mno na chembe za hali nyingine. Ikawabidi wataalamu kuweka kipimo. Wengine walisema sharti mirija miwili izima iwe imejaa chembe za namna hiyo ndipo iitwe saratani. Wengine wakasema ukubwa wake uzidi milimita 2. Basi msomaji na afikiri. Mwanamke ambaye doa lake lina milimita 1 na nusu huambiwa arudi kuangaliwa mara kwa mara, na mwenziwe ambaye doa lake lina milimita 2 na nusu huambiwa ana saratani, akapangiwa upasuaji, pengine na mionzi, pengine akaondolewa titi lote. Hatusemi kwamba kipimo hicho ni upuuzi. Lazima mstari upite mahali fulani, kama ule wa mwaka 1926 ulivyolazimika kupita mahali fulani. Tunasema tu kwamba ni mstari wa kuchorwa, na wanaousimamia ni wanadamu.

Nao wanadamu hao hawaoni sawasawa. Mwaka 1991 daktari mashuhuri wa patholojia, Juan Rosai, alichapisha matokeo ya jaribio lililowashangaza wenzake. Aliwapa wataalamu watano, wote wenye sifa katika magonjwa ya titi, vioo vya madoa 17 ya aina hii ya mpakani. Hapakuwa na doa hata moja ambalo wote watano walikubaliana juu ya jina lake. Katika madoa matatu tu ndipo wanne kati ya watano walisema neno moja. Mwaka uliofuata Stuart Schnitt na wenzake walirudia jambo hilo kwa njia nyingine: waliwakusanya wataalamu sita, wakawapa kwanza masharti yale yale ya kufuata na mifano ya kujifunzia, kisha wakawapa madoa 24. Safari hii wote sita walipatana katika madoa 14. Hayo ni maendeleo makubwa, na yanaonyesha faida ya amri iliyo wazi inayosomwa na wote. Lakini bado madoa 10 yaliwagawanya.

Uchunguzi mkubwa zaidi ni ule wa Joann Elmore na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2015. Madaktari wa patholojia 115 walisoma vioo vya titi, na majibu yao 6,900 yakalinganishwa na uamuzi wa jopo la mabingwa watatu. Kwa jumla walipatana na jopo mara 75 katika kila 100. Saratani iliyokwisha kutoboa ukuta waliitambua mara 96 katika 100. Saratani iliyo ndani ya mrija, mara 84. Lakini zile chembe zilizoanza kubadilika sura, walizitambua kama jopo lilivyozitambua mara 48 tu, yaani pungufu ya nusu. Na tusisahau kwamba hata wale mabingwa watatu, kila mmoja aliposoma peke yake kabla ya kukaa pamoja, walikuwa na neno moja katika robo tatu tu ya vioo.

Askari asione ajabu. Waweke walinzi watatu kando ya mto Sio usiku usio na mwezi, kitu kipite ng'ambo. Mmoja ataapa kwamba ni mfanya magendo na baiskeli yake, wa pili atasema ni ndama aliyepotea, wa tatu atasema hakuona kitu. Hakuna aliyesinzia lindoni, wala hakuna aliyekula rushwa. Kitu chenyewe ndicho kilichokuwa hakionekani vizuri. Ndiyo maana kamanda mwenye akili haamuru risasi kwa neno la mlinzi mmoja, wala haamuru watu wakalale kwa neno la mlinzi mmoja.

Hapa hapana budi tuseme jambo kwa ukali kidogo, kwa sababu tunawajua wasomaji wetu. Wako watakaoishika habari hii na kusema: kumbe madaktari wenyewe hawajui, basi heri kwenda kwa mganga wa kienyeji, au heri kukaa kimya. Huko ni kupotosha maneno. Uvimbe ulio mgumu kama jiwe, titi lililovutwa ndani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu inayotoa damu, tezi zilizovimba kwapani, hayo si mambo ya mpakani. Katika saratani iliyokwisha kutoboa ukuta wataalamu hawagombani, na takwimu ya 96 katika 100 imekwisha kusema. Tena ukweli wa kusikitisha ni kwamba wagonjwa wengi wa nchi zetu hufika hospitali wakiwa katika hatua hizo za mwisho, wakati ambapo hata asiye na hadubini aweza kulitaja jina la ugonjwa. Mwenye dalili hizo asingoje majibu mawili. Apande gari asubuhi. Na hili si la akina mama peke yao, maana mwanamume naye ana titi, na duniani mgonjwa mmoja hivi katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii ni mwanamume. Vifua vipana vya gwaride havimo katika orodha ya waliosamehewa.

Kwa nini basi tulizungumze suala la madoa machanga, ikiwa wengi huchelewa? Tunalizungumza kwa sababu hali inabadilika. Kadiri akina mama wanavyohimizwa kujipima na kupimwa mapema, na kadiri mashine za kupiga picha za matiti zinavyoongezeka, ndivyo vioo vya mpakani vitakavyoongezeka mezani kwa madaktari. Tena kutopatana huku hakuishii katika madoa machanga. Hata saratani ikishathibitishwa, daktari huipa daraja la ukali, la kwanza, la pili au la tatu. Utaratibu huo ulianzishwa Uingereza na Bloom na Richardson mwaka 1957, ukarekebishwa Nottingham na Elston na Ellis mwaka 1991. Mambo matatu hutazamwa: kama chembe bado zinajipanga kwa umbo la mirija, kama viini vyake vimeharibika sura, na ni chembe ngapi zinazoonekana zikigawanyika. Kila jambo hupewa alama kuanzia 1 hadi 3. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 ni la pili, 8 au 9 ni la tatu. Alama moja tu ikienda juu au chini yaweza kumhamisha mgonjwa kutoka daraja hadi daraja, na matibabu yake yakabadilika.

Alama hiyo moja yaweza kupotea kabla daktari hajaketi kitini, na hili ndilo linaloigusa nchi yetu ya mpakani kuliko yote. Nyama iliyokatwa inaendelea kufa. Inatakiwa iingie katika fomalini ndani ya saa moja, ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72, na fomalini iwe nyingi, ipatayo mara 10 ya ukubwa wa nyama. Kipande kikicheleweshwa kwa joto la mchana wa Busia kwa sababu chupa haikupatikana, au kikitiwa katika maji ya chumvi kwa kudhani kwamba maji yoyote yatafaa, au chupa ikiwa ndogo na nyama ikajazana kama abiria wa matatu, chembe zilizokuwa zikigawanyika hazitahesabika sawasawa, na vipimo vya homoni vinavyoonyesha dawa gani itafaa vyaweza kusema hapana mahali palipokuwa na ndiyo. Hapo wasomaji wawili wakitofautiana si kosa la macho yao. Walipewa ushahidi ulioharibika, na polisi wanajua kesi iendavyo ushahidi ukiharibika.

Uganda ina historia yake katika jambo hili, wala si historia ya kuonea haya. Kwa miaka mingi watoto waliletwa hospitalini wakiwa na uvimbe wa kutisha wa taya, wengine wa tumbo, wengine wa jicho, na vipande vyao vilipewa majina mengi tofauti katika madaftari ya maabara, kila kimoja kwa jinsi msomaji wake alivyokiona. Mwaka 1957 Dk. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto mmoja wa namna hiyo katika hospitali ya Mulago. Muda mfupi baadaye Burkitt alikuwa Jinja, akatazama nje kwa dirisha la hospitali akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Burkitt huyu alikuwa ametumikia kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, hata katika Kenya na Somalia, na yumkini desturi ya askari ya kutazama nje kabla ya kutoka ilikuwa bado imo mwilini mwake. Alichapisha habari za ugonjwa huo mwaka 1958. Lakini jina lake sahihi halikupatikana kwa kisu. Lilipatikana wakati J. N. P. Davies na Gregory O'Conor wa Makerere walipoyafungua upya mafaili na vioo vya zamani, wakavisoma pamoja, wakatambua kwamba magonjwa yale mengi yalikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya chembe za limfu. Jina lilipokuwa moja, dawa nazo zikajaribiwa kwa mpango mmoja, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wafu wakaanza kupona. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, ni tunda la kazi hiyo.

Katika miaka hiyo ya 1960 idara ya patholojia ya Makerere chini ya Profesa Michael Hutt ilikuwa ikipokea vipande vya nyama kwa njia ya posta kutoka hospitali za wilaya. Chupa yenye fomalini ilifungwa, ikaandikwa anwani, ikasafiri, na jibu likarudi kwa posta. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa mifuko ya posta, hatuoni kwa nini lishindikane leo kati ya Tororo na Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 200 kwa barabara ya lami inayopitiwa na malori usiku na mchana.

Sasa tutazame hali ya familia ya askari hapa mpakani. Tuseme mke wa koplo aliye katika kambi ya Rubongi amekatwa kipande Tororo, na karatasi imerudi kutoka Kampala ikisema chembe zimebadilika sura, si saratani. Dada yake ameolewa Busia ya Kenya. Anamshawishi avuke, achunguzwe upya huko, na kipande kipya kinapelekwa Kisumu au Eldoret; karatasi inarudi ikisema saratani ndani ya mrija. Koplo anashika karatasi mbili zenye mihuri miwili ya serikali mbili. Ataamini ipi? Mara nyingi mtu huamini iliyo tamu, na hilo ni kosa. Mara nyingine huamini ile ya hospitali iliyomtoza fedha nyingi, na hilo pia ni kosa. Tena hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui: karatasi hizo mbili huenda hazipingani hata kidogo, kwa kuwa vipande vilikatwa mahali pawili, na daktari mmoja hakuona alichokiona mwenziwe.

Linalofaa ni kwamba kile kile kilichosomwa na wa kwanza kisomwe na wa pili. Kipande cha nta na vioo vyake havitupwi, maabara huvihifadhi. Mgonjwa ana haki ya kuomba vitolewe, vikafungwa vizuri, vikapelekwa kwa msomaji mwingine pamoja na barua inayoeleza umri wake, mahali uvimbe ulipo na picha ilionyesha nini. Kioo hakihitaji damu mpya wala kisu kipya. Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, shehena hukaguliwa mahali pamoja na maofisa wa nchi zote mbili. Sukari na saruji zimepata heshima hiyo. Kioo cha mama mgonjwa bado husafiri katika mkoba wa mkononi, bila orodha, kwa bahati.

Tunajua watakaotupinga. Watasema madaktari wa patholojia ni wachache mno, na kumtaka kila kioo asomewe mara mbili ni kuwaongezea mzigo wanaoshindwa kuubeba. Hoja hiyo ina uzito na hatuidharau. Lakini hatukuomba kila kioo. Tunaomba vile vya mpakani, ambavyo msomaji wa kwanza mwenyewe huvijua, kwa maana ndivyo vinavyomfanya ainuke kitini na kurudi tena. Wachunguzi wale wale wa Marekani walikokotoa mwaka 2016 faida ya msomaji wa pili: makosa yalishuka kutoka karibu 25 hadi 18 katika kila 100. Hayakwisha, na anayeahidi kwamba yatakwisha anadanganya. Ila katika kila akina mama 100 ni saba walioepushwa ama na kisu kisichohitajika ama na ugonjwa ulioachwa ukue. Wachunguzi hao walikuwa pia wameona mwaka 2015 kwamba anayesoma vioo vichache vya titi kwa wiki hutofautiana na jopo zaidi ya anayesoma vingi. Kwa hiyo hospitali ndogo isione aibu kupeleka kioo mbele.

Kwa upande wa majeshi yetu tunasema hivi. Makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi katika Busia na Tororo wahesabu ruhusa ya kufuata kipimo cha saratani kama ruhusa ya wajibu, si fadhila ya kuombwa kwa kunyenyekea. Mwanajeshi wa kike asilazimishwe kumweleza sajenti mbele ya safu ni sehemu gani ya mwili wake inayomuuma. Barua ya daktari iliyofungwa inatosha. Zahanati za kambi ziwe na chupa za fomalini zenye tarehe, na mganga wa kambi ajue kuandika juu ya chupa saa ambayo nyama ilikatwa. Hospitali ya jeshi ya Bombo iwe na daftari la vioo vilivyotumwa kusomwa mara ya pili, likionyesha kilitoka lini, kimerudi lini na wasomaji wamesema nini, maana pasipo daftari hatutajua kama tunapatana au tunabahatisha. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi uliotangazwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza. Siku hizo 60 zinatosha kwa wasomaji wawili, iwapo hakuna siku 40 zinazopotea juu ya meza ya karani akingojea sahihi ya kutoka nje ya kambi.